Leo siku ya 11 tangu operesheni ya ngiri, bosi anataka nirudi stoo Jumatatu. Mliopitia, mlirudi kazini lini?

StooGerezani (mwanzisha uzi), Ijumaa saa 2:40 usiku

Habari za usiku wanajamvi. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mliopitia mnisaidie kabla ya Jumatatu.

Nina miaka 41, naishi Gongo la Mboto, nafanya kazi ya stoo kwenye duka la vipuri vya magari makubwa Kariakoo, upande wa Gerezani. Jumatatu ya wiki iliyopita nilifanyiwa operesheni ya ngiri ya kinena, upande wa kulia. Nilikaa nayo karibu miaka miwili, ikitoka naisukuma kwa mkono inarudi. Siku moja nikiwa juu ya ngazi ikagoma kurudi karibu saa nzima. Hapo ndipo nilipokubali kwenda hospitali. Nilichomwa ganzi ya mgongo, wakafungua, wakaweka neti ya kuimarisha ukuta wa tumbo. Kesho yake niliruhusiwa na dawa za maumivu pamoja na karatasi ya ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ya siku 14. Nyuzi zimetolewa jana zahanati ya hapa mtaani, nesi akasema mshono umefunga vizuri. Kliniki ya daktari mwenyewe ni Jumatano ijayo.

Leo mchana bosi kapiga simu. Si mtu mbaya, huu ni mwaka wa sita niko naye, na siku natoka hospitali ndiye aliyenilipia teksi. Ila kontena limeshatoka bandarini, linashushwa Jumatatu au Jumanne, na mwenzangu wa stoo yuko peke yake. Kaniambia, "Njoo tu ukae kwenye kiti uhesabu mzigo, hutashika kitu." Aliyewahi kufanya kazi ya stoo anajua kiti hicho hakikaliwi. Kijana akishindwa kutoa boksi rafu ya juu, mkono wako unaenda wenyewe.

Hali yangu ndiyo hii. Ndani ya nyumba natembea vizuri, hadi dukani kwa Mpemba na kurudi. Nashinda na msuli kwa sababu nikivaa suruali mkanda unakaa juu ya mshono kabisa. Nikitaka kukohoa nabana mto hapo kinenani kwanza. Naswali nimekaa kwenye kiti. Juzi nilijaribu kwenda sijda, nikasikia kitu kinavutwa ndani, nikabaki nimeshika mkeka mpaka mwanangu akaja kuninyanyua.

Mke wangu anasema nisithubutu. Kaka yangu anasema kidonda kimekauka, mwanaume gani anakaa ndani wiki mbili. Mlirudi baada ya muda gani, na mlijuaje kwamba wakati umefika?

KimaraKorogwe, saa 3:05 usiku

Ugua pole mkuu. Mimi mwaka jana nilitolewa kifuko cha nyongo, mawe yalikuwa yamejaa. Siku ya saba nilikuwa kazini na sikupata tatizo lolote. Mwili ukikaa sana unalegea. Nenda taratibu, usiogope.

NesiZamuYaUsiku, saa 3:50 usiku

Pole sana kaka StooGerezani. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwaka wa 14 huu. Nina swali moja kabla hatujahesabu wiki: kwenye faili lako, kazi yako imeandikwaje?

Na wewe KimaraKorogwe, ulipasuliwa tumbo au kwa matundu? Na kazi yako ni ipi?

KimaraKorogwe, saa 3:58 usiku

Kwa matundu dada, manne madogo. Kazi yangu ni ya kompyuta, wiki ya kwanza niliifanyia nyumbani.

StooGerezani, saa 4:10 usiku

Nimeangalia karatasi ya kuruhusiwa. Wameandika "mfanyakazi wa duka." Sikumbuki kama kuna aliyeniuliza zaidi ya hapo.

NesiZamuYaUsiku, saa 4:45 usiku

Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda, na naomba wengine nao wasome.

Daktari akiona "mfanyakazi wa duka" picha inayomjia ni mtu aliyesimama kaunta anauza vitenge. Kwa mtu huyo siku 14 zinatosha kabisa baada ya ngiri. Hakuna aliyekosea hesabu. Hesabu ilipigwa kwa kazi isiyo yako. Nimeona hili miaka yote: mtu wa benki na kuli wa sokoni wanatoka wodi moja, siku moja, na karatasi zinazofanana.

Ngiri ya kufunguliwa kama yako, kazi ya mezani watu wengi wanaiweza kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Kunyanyua vizito, madaktari wengi wanasema usubiri wiki nne hadi sita. Niwe mkweli pia kwamba wataalamu wenyewe wamekuwa wakibadilika. Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena iliyotoka 2018 inahimiza mgonjwa arudie shughuli zake za kawaida mapema, mara anapojisikia vizuri, kwa sababu haikuthibitika kwamba kukaa kitandani kunazuia ngiri isirudi. Kwa hiyo kaka yako hajakosea kila kitu. Lakini soma vizuri hapo pa "anapojisikia vizuri." Mtu anayeshindwa kwenda sijda, anayebana mto akikohoa, mwili wake umeshajibu.

Halafu hili la "kidonda kimekauka." Kinachokauka mapema ni ngozi. Chini yake kuna tabaka kadhaa zilizoshonwa, na hizo huzioni. Mshono wa ngozi kwenye wiki ya tatu una kama asilimia 20 tu ya uimara wa ngozi isiyokatwa. Kufika kama asilimia 80 inachukua karibu miezi mitatu, na asilimia 100 haurudi tena. Nesi wa zahanati alikuambia kweli, mshono umefunga. Hakusema uko tayari kubeba.

Kwa sasa tembea asubuhi na jioni, hata kama ni kuzunguka nyumba mara kumi. Kulala tu kunaleta damu kuganda kwenye miguu. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma chini ya goti, au kifua kinabana ghafla, usisubiri kliniki, nenda hospitali muda huohuo. Vilevile ukipata homa, mshono ukiwa wa moto na mwekundu, ukitoa usaha, au ukishindwa kukojoa. Korodani kuvimba kidogo na kubadilika rangi siku za mwanzo hutokea baada ya operesheni hii. Ikizidi kukua badala ya kupungua, onyesha.

Kunywa maji, kula papai na mboga. Choo kigumu kinakufanya ukaze tumbo kuliko hata boksi la dukani. Na joto hili la Dar: pahali pabaki pakavu, vaa nguo ya ndani ya pamba, badilisha ikilowa jasho.

MwalimuTegeta, Jumamosi saa 12:20 asubuhi

Nimesoma huu uzi alfajiri hii nikaona nisikae kimya.

Mimi niliondolewa uvimbe kwenye kizazi, kwa kupasuliwa tumbo. Walitoa vinane. Daktari aliniandikia wiki sita. Wiki ya nne nilikuwa najisikia mzima, napika, nafua nguo ndogo, na darasa la saba walikuwa na mtihani mbele yao. Nikarudi. Hakuna aliyenilazimisha, ni mimi mwenyewe.

Mshono haukunisumbua hata siku moja. Kilichoniangusha ni damu. Kabla ya operesheni nilikuwa navuja kila mwezi kwa miaka, na pale mezani ikatoka nyingine. Niliruhusiwa na damu 8 na vidonge vya madini ya chuma, na vidonge vyenyewe nilikuwa naruka kwa sababu vinanifunga choo. Siku ya tatu kazini, kipindi cha nne, nimesimama ubaoni naandika sehemu, nikaona namba zinaelea. Nilikaa chini palepale chini ya ubao, sakafuni, na watoto 52 wananiangalia. Mmoja alikimbia kuniletea maji kwenye kikombe chake cha uji. Mpaka leo nikimwona mtoto yule nakumbuka ule uji uliobaki pembeni mwa kikombe.

Nilirudi nyumbani wiki nyingine tatu. Ningevumilia zile mbili za mwanzo, ningekuwa nimepona mapema zaidi.

Ndugu yangu, mshono ni kitu kimoja tu. Uliza na damu yako ikoje. Angalia unalala vipi usiku. Angalia dawa unazomeza pia, kuna za maumivu zinaleta usingizi na kizunguzungu, na wewe unapanda ngazi.

BodaTandika, Jumamosi saa 1:15 asubuhi

Pole kiongozi. Hapa watu wanajadili kazi, hakuna aliyetaja njia. Gongo la Mboto hadi Gerezani utaenda na nini? Saa 12 asubuhi pale kituoni watu wanaingia kwenye daladala kwa kusukumana, kiwiko cha mtu kitakukuta hapohapo kinenani. Ukipata nafasi ni ya kusimama, unaning'inia kwenye bomba, dereva akikanyaga breki mwili wote unavutika. Ukipanda boda, mashimo na matuta yote unayapokea kwa tumbo. Mimi baada ya kidole tumbo sikuendesha pikipiki wiki nne. Kipimo changu kilikuwa breki: nilikaa juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, nikakanyaga kwa nguvu zote kama mtoto ameingia barabarani. Nilipoona mguu unasita kwa kuogopa maumivu, nikashuka.

AfisaAjira, Jumamosi saa 4:30 asubuhi

Ninafanya kazi ya rasilimali watu kwenye sekta binafsi, nimeshughulikia mambo haya mara nyingi. Ndugu StooGerezani, kwa mwajiriwa wa sekta binafsi kama wewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inakupa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata unalipwa nusu. Wewe umetumia 11. Sharti ni cheti cha daktari. Bila cheti mwajiri halazimiki kukulipa, na hapo ndipo wafanyakazi wengi wanapoteza haki yao: mtu anaumwa kweli, anakaa nyumbani kwa maneno ya simu, mwisho wa mwezi anakuta makato na hana cha kuonyesha.

Kwa hiyo usimjibu bosi kwa hisia. Usiseme "sijisikii." Rudi kwa daktari kabla ED haijaisha, apate maelezo ya kazi yako, aandike upya. Kama anaona unaweza kazi nyepesi, aandike ni nyepesi ya namna gani: usinyanyue zaidi ya kilo ngapi, usipande ngazi, kwa wiki ngapi. "Kazi nyepesi" tupu ni maneno ambayo kila mtu anayatafsiri anavyotaka. Peleka karatasi mwenyewe au mtume mtu, piga picha, bakiza nakala.

Ikitokea mtu ameachishwa kazi kwa sababu ya kuumwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa ndani ya siku 30. Ila kwa jinsi ulivyomwelezea bosi wako, sioni kama mtafika huko. Mtu aliyekulipia teksi anaongeleka.

Na kama ngiri ilianzia kazini kwa kunyanyua, muulize daktari na mwajiri kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sisemi itakubaliwa, lakini kuuliza ni haki yako.

MamaSufuria, Jumamosi saa 9:10 alasiri

Nimemaliza kuosha vyombo ndiyo nakaa kusoma. Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Afisa umeongea vizuri, Mungu akubariki, lakini sisi wa kujiajiri hizo siku 126 tunampelekea nani? Mimi nauza chakula Ilala, karibu na Boma. Mwaka juzi kidole tumbo kilipasuka, nikapelekwa usiku hospitali ya wilaya, nikafunguliwa tumbo, nikalala siku sita na mpira wa kutoa uchafu. Daktari alisema mwezi na nusu usibebe kitu. Nikamwambia baba, mimi sufuria yangu ya wali inaingia kilo kumi za mchele, na maji yake. Akaniuliza, ukiwa na maji ina uzito gani? Sikujua. Tukapiga hesabu wote wawili, tukafika kama kilo 30. Akaweka kalamu chini akaniangalia. Akasema mama, hiyo miezi mitatu.

Miezi mitatu! Watoto wanne, kodi inaisha, marejesho ya kikoba kila Jumamosi.

Nilichofanya ni hiki, na kinaweza kumsaidia mwingine. Sikuuliza tena nirudi lini. Niliikata kazi yangu vipande. Kupakua wali, kubeba sufuria, kuchota maji, kukuna nazi, kuchambua mchele, kukaanga, kupokea hela, kukosana na wadaiwa. Nikaona zile za kukaa naziweza wiki ya tatu: kuchambua, kukatakata vitunguu, kushika hela. Zile za kubeba nikamwita mtoto wa dada yangu kutoka Kisarawe, nikamlipa kwa siku. Kikoba nao walinipa ule mfuko wa jamii, na wakanisimamishia marejesho mwezi mmoja, nilikwenda mwenyewe kuwaomba kabla hawajaja kunidai. Nilipunguza mapishi pia. Wali maharage na mchicha basi, pilau ikapumzika, kwa sababu pilau haina msaidizi, lazima uigeuze mwenyewe.

Faida ilikuwa ndogo sana. Kuna siku nilirudi na elfu nne tu. Lakini wateja hawakuhama, walikuwa wananiona nimekaa palepale kwenye kibao changu.

Kosa langu nalo niliseme. Wiki ya tano yule binti alichelewa, jiko lilikuwa linaunguza, nikashusha sufuria mwenyewe. Ilikuwa nusu tu. Sikusikia kitu mchana wote. Usiku ndiyo mshono ukaanza kuuma kwa ndani, sikulala, nikakaa siku nne kitandani. Maumivu yanachelewa kukuambia. Ukijipima, usijipime kwa saa ileile, subiri mpaka kesho yake asubuhi uone umeamkaje.

MzeeWaMagomeni, Jumamosi saa 11:30 jioni

Marahaba mama. Mimi nitasema upande mwingine, kijana asije akajificha ndani ya ushauri wetu. Nilikuwa fundi mitambo miaka mingi. Nilivunjika nyonga, nikapasuliwa, nikakaa nyumbani zaidi ya muda niliopewa, karibu miezi miwili ya ziada, kwa woga tu. Kila nikisikia mguu unavuta nasema bado. Niliporudi nafasi yangu ilikuwa na mtu, na mimi mwenyewe mikono ilikuwa imesahau kazi, nachoka saa nne asubuhi. Woga nao ni ugonjwa wa baada ya operesheni, na hauonekani kwenye picha. Kwa hiyo mwanangu, nenda kwa daktari utoke na tarehe. Usitoke na "nitaangalia."

StooGerezani, Jumamosi saa 3:20 usiku

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jumatatu sitaenda stoo, nitaenda hospitali, sitasubiri Jumatano. MamaSufuria, mawazo yako ya kukata kazi vipande nimeyafanyia kazi jioni hii. Nimekaa na mwanangu wa kidato cha pili, mimi nasema yeye anaandika. Drumu ya breki ya Fuso, giaboksi ambayo hatuinui chini ya watu wawili, shokapu, pleti za klachi, maboksi ya beringi ambayo ni madogo lakini yanavuta mkono. Ngazi mara thelathini kwa siku, pengine zaidi. Sikuwahi kuiona kazi yangu imeandikwa kwenye karatasi. Mwanangu alimaliza akaniuliza, "Baba, hii yote unafanya wewe?"

StooGerezani, Jumatatu saa 1:50 usiku

Mrejesho.

Niliondoka nyumbani saa 4, foleni ya watu ikiwa imeshapungua, nikapata siti ya dirishani. Hospitali nikasubiri hadi saa 7. Daktari alitaka kuniambia tarehe yangu ni Jumatano, nikampa ile karatasi ya mwanangu. Aliisoma yote amesimama. Kisha akanikalisha, akanipima upya, akaniambia nikohoe, nisimame, niinue mguu. Akauliza ngazi ina urefu gani.

Uamuzi wake: kukaa nyumbani hadi wiki nne zitimie. Kuanzia wiki ya tano kazi nyepesi, ameandika wazi kwamba nisinyanyue zaidi ya kilo 5 na nisipande ngazi, kwa wiki mbili, kisha nimwone kabla ya kurudi kwenye mizigo. Akasema na hiyo karatasi ya mwanangu ibaki kwenye faili.

Nikapitia dukani kwa bajaji, nikampa bosi mkononi. Mwanzoni alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Kontena lilikuwa limefunguliwa nje, vijana wanashusha. Nikamwambia ile orodha ya mzigo anaweza kunitumia kwa simu kila jioni, nitaioanisha na stoo nikiwa nyumbani, kwa sababu namba za rafu ninazo kichwani. Akakubali. Ameweka kibarua wa kutwa kwa mwezi huu. Kaka yangu bado hajaridhika, lakini mke wangu leo kapika samaki.

NesiZamuYaUsiku, Jumatatu saa 2:30 usiku

Alhamdulillah. Kesho kwenye makabidhiano ya zamu nitawaambia wenzangu, tukimruhusu mgonjwa tumuulize anabeba nini na anapanda nini. Endelea kutembea, na usiache kunywa maji.

StooGerezani, wiki ya 5

Leo ndiyo siku ya kwanza kazini. Nimefika saa 4 kwa ruhusa ya bosi, nitakuwa natoka saa 9. Nimevaa suruali ya kamba badala ya mkanda. Mtihani haukuwa uzito, ulikuwa mazoea. Saa 6 kijana aliniita, "Mzee, nishikie hapa," nikiwa nimeshanyoosha mkono nikakumbuka. Nikamwambia mwite mwenzako. Alishangaa kidogo, akamwita, wakaendelea. Kufika saa 8 miguu ilikuwa imechoka kama nimetembea kutoka Pugu. Nimerudi nimelala hadi magharibi. Nimesubiri kesho asubuhi kama alivyosema MamaSufuria, ndiyo maana naandika sasa hivi saa 12 alfajiri: nimeamka vizuri, hakuna maumivu mapya. (Hapo juu nilisema leo, ni jana.)

KimaraKorogwe, wiki ya 5

Hongera mkuu. Na samahani kwa jibu langu la mwanzo. Nilijibu kwa tumbo langu, sikufikiria lako.

StooGerezani, wiki ya 8

Wadau, samahani kwa kukaa kimya. Nilimwona daktari wiki mbili zilizopita, akaniruhusu kurudi kwenye mizigo kwa hatua: wiki ya kwanza kilo 10, inayofuata 15, giaboksi bado hadi mwezi wa tatu utimie, na hata hapo kwa kamba au watu wawili. Bosi amenunua kitoroli. Alisema ni cha wote, si changu peke yangu, na kweli vijana wanakigombania.

Kuna ganzi kidogo juu ya mshono, ngozi ukiigusa ni kama si yako. Daktari kasema mishipa midogo ya fahamu ilikatwa pale, inaweza kupungua taratibu au ikabaki, haina madhara. Nikiinama ghafla bado pananikumbusha.

Jana Ijumaa nilikwenda msikitini Kariakoo na wenzangu wa dukani. Kiti kilikuwa nyuma, nimekizoea, nikakiacha. Nilikwenda rukuu, nikasimama, nikashuka sijda polepole, magoti kwanza, kisha mkono, kisha paji la uso. Hakuna kilichovutwa. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko kawaida.

MamaSufuria, wiki ijayo nina mzigo wa kupeleka Ilala. Uko upande gani wa Boma?

MamaSufuria, wiki ya 8

Ukitokea barabara ya Uhuru, uliza mama wa wali nazi, watakuonyesha. Njoo kabla ya saa 8, baada ya hapo maharage yanakuwa yamekwisha. Na mzigo huo ubebwe na kijana.